Je, kuku, wali na karoti vinamtosha mbwa kila siku?

Rehema

Habari zenu nyote. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limeninyima utulivu kwa muda sasa. Nina mbwa jike anayeitwa Tausi, mwenye umri wa miaka 6 na uzito wa kilo 12, ambaye ameshafungwa kizazi. Miezi minne iliyopita alianza kukikataa chakula kikavu cha dukani. Alikuwa akinusa bakuli, kisha anaondoka zake na kwenda kulala. Ndipo nikaanza kumpikia mwenyewe: kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi, wali mweupe, na karoti zilizokatwa vipande vidogo. Nampa asubuhi na jioni, na kila mara hulamba bakuli mpaka linasogea sakafuni. Manyoya yake yanang'aa, choo chake kina umbo zuri, na uchangamfu wake haujapungua hata kidogo.

Shaka yangu ilianza siku rafiki yangu mmoja aliponitembelea, akaona ninachompa, akasema kwamba hicho ni chakula cha siku tatu za mbwa anayeumwa tumbo, wala si chakula cha kumlea nacho maisha yake yote. Sikuwa na la kumjibu. Ninachoomba kujua ni kitu gani hasa kinachokosekana katika bakuli hilo, nitajuaje kiasi kinachomfaa, na kama nikiongeza ini, yai na mboga za majani, pengo hilo litazibika. Ningependa kuendelea kumpikia kama ipo njia sahihi, kwa maana nimeona furaha yake wakati wa kula, na sitaki furaha hiyo iwe ndiyo inayomdhuru.

Idi

Dada Rehema, nianze na kiasi, kwa sababu bila kukijua huwezi kupima kitu kingine chochote. Chukua kikokotoo cha kawaida, uzidishe uzito wa mbwa kwa wenyewe mara tatu, yaani 12 × 12 × 12, upate 1,728. Kisha bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili mfululizo: kwanza utapata 41.6, halafu 6.45. Zidisha jibu hilo kwa 70, na utapata takriban kilokalori 451, ambazo ndizo mwili wa Tausi huzitumia kwa siku nzima akiwa amepumzika tu. Mbwa mzima aliyefungwa kizazi, mwenye shughuli za kawaida, huzidishiwa 1.6, kwa hiyo mahitaji yake ni kama kilokalori 720. Hiyo ni hatua ya kuanzia, kwa kuwa mbwa wawili wenye uzito sawa wanaweza kutofautiana sana. Mpime uzito kila baada ya wiki mbili, na umpapase mbavu: zinapaswa kuhisika chini ya vidole bila kutafutwa, wala zisionekane zimetokeza.

Sasa tuchukue bakuli la mfano lenye vyakula vyako, nikiongeza mafuta kidogo. Gramu 200 za kidari cha kuku kilichoiva zina kilokalori 330, gramu 230 za wali zina kama 300, gramu 50 za karoti hazifiki 20, na gramu 8 za mafuta ya kula zina 72. Jumla yake inakaribia kabisa 720, na protini imo ya kutosha. Ukiishia hapo, utaona kwamba chakula kimekamilika, na ndivyo nilivyoamini mimi pia nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mbwa wangu.

Tatizo linaonekana unapohesabu madini. Viwango vya AAFCO, shirika la Marekani linaloweka vipimo vya vyakula vya wanyama, vinataka mbwa mzima apate angalau gramu 1.25 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000, jambo ambalo kwa Tausi lina maana ya miligramu 900 kwa siku. Kuku wako anatoa kama miligramu 30, wali kama 23, na karoti kama 15. Jumla ni miligramu zisizofika 70, yaani hata sehemu moja ya kumi ya kinachotakiwa haipatikani. Mbaya zaidi, bakuli hilo hilo lina fosforasi zaidi ya miligramu 550, ilhali kalsiamu inapaswa kuwa sawa na fosforasi au kuizidi, hadi kufikia maradufu yake. Hapa mambo yamegeuzwa: fosforasi ni takriban mara nane ya kalsiamu.

Umeuliza kama ini, yai na mboga za majani vitaziba pengo. Kwa kalsiamu, haviwezi. Ini halina kalsiamu ya kutajwa. Yai lililomenywa lina miligramu zipatazo 25 tu, kwa kuwa hazina yote iko kwenye ganda linalotupwa. Mchicha na jamii yake una kalsiamu kwenye karatasi, lakini sehemu kubwa imefungwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye majani hayo, na mwili hauipati. Maziwa yangesaidia, ila ungelazimika kumpa karibu robo tatu ya lita kila siku, na mbwa wengi wazima wangeharisha. Ndiyo sababu mapishi ya nyumbani yaliyoandikwa na wataalamu huwa na unga wa kalsiamu uliopimwa. Kalsiamu kaboneti ina kalsiamu asilimia 40, na unga laini wa maganda ya mayai unaikaribia sana. Kwa bakuli la mfano hapo juu, gramu 2.2 za unga huo, ambazo hazifiki nusu ya kijiko cha chai, zingelifikisha kiwango cha chini. Hebu fikiria udogo wa kitu hicho na ukubwa wa kinachotegemea kuwapo kwake.

Mzee Salum

Binti yangu Rehema, nimefanya kazi ya udaktari wa mifugo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako nimelisikia kwa watu waliowapenda mbwa wao kama wewe. Hesabu ya Bwana Idi ni sahihi. Mimi nitaeleza kinachotokea ndani ya mwili, ili ujue kwa nini kung'aa kwa manyoya ya Tausi hakutoshi kukutuliza.

Kalsiamu ya damu haiachwi ipungue ovyo, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Shingoni kuna tezi ndogo nne ambazo kazi yake ni kuilinda. Chakula kisipoleta kalsiamu, tezi hizo huagiza mifupa itoe akiba yake, na mifupa hutii. Matokeo yake ni kwamba ukimpeleka mbwa wa namna hiyo akapimwe damu, kalsiamu yake huenda ikasomeka sawasawa kabisa huku mifupa ikichimbwa kidogo kidogo kila siku. Mfugaji hufurahia majibu, anarudi nyumbani, anaendelea na chakula kile kile.

Mbwa mzima ana akiba kubwa, hivyo miezi minne kwa kawaida haimwangushi. Kwa mtoto wa mbwa habari ni nyingine, na hapa nina deni la kusema kweli. Nikiwa kijana, kabla sijasoma taaluma hii, nilimlea mtoto wa mbwa kwa nyama isiyo na mfupa peke yake, nikiamini kwamba nampa kilicho bora kuliko vyote. Baada ya wiki kadhaa alianza kuchechemea, kisha akawa hataki kusimama, na siku moja alivunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye ngazi moja tu. Mifupa yake ilikuwa laini kwa kukosa chokaa. Alipona kiasi, ila miguu yake haikunyooka tena maisha yake yote. Kwa hiyo yeyote anayesoma hapa na ana mbwa anayekua, hasa wa aina kubwa, asimpikie kwa makisio hata kwa mwezi mmoja, kwa sababu mbwa hao huharibika kwa kalsiamu ikipungua na huharibika vilevile ikizidi.

Mbali na kalsiamu, chakula cha kuku na wali huwa na upungufu wa zinki, shaba, madini joto, kolini, vitamini E na vitamini D. Wengi hushangaa kuhusu hiyo ya mwisho, kwa kuwa sisi binadamu tunaipata kwa jua. Ngozi ya mbwa haiwezi kuitengeneza kwa kiasi kinachotosha, kwa hiyo ni lazima aile. Ini lina manufaa, hasa la ng'ombe, ambalo lina shaba nyingi, lakini lina vitamini A nyingi mno pia, na ukilifanya kuwa kitoweo cha kila siku kwa wingi utamletea maumivu ya mifupa na viungo. Lisizidi sehemu ndogo sana ya chakula chake, tuseme asilimia 5.

Usijaribu kuziba mapengo hayo kwa vidonge vya vitamini vya binadamu. Baadhi vina vitamini D ya kiwango kinachoweza kuharibu figo za mbwa, na baadhi vimetiwa utamu wa zailitoli, ambao kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa ghafla na unaweza kuua ini. Tafuta unga wa virutubisho uliotengenezwa mahususi kukamilisha chakula cha mbwa kilichopikwa nyumbani, wenye maelekezo ya gramu ngapi kwa chakula gani. Unga mwingi unaouzwa kwa jina la virutubisho vya mbwa umekusudiwa kuongezwa kwenye chakula ambacho tayari kimekamilika, na hautakusaidia. Lililo bora zaidi ni kumwomba daktari wa mifugo aliyebobea katika lishe akuandikie kipimo cha Tausi mwenyewe, akizingatia umri wake na afya ya figo zake.

Lipo moja ambalo hukulitaja, nami nina desturi ya kuliuliza: huyo kuku unamchemsha kwa maji matupu, au anatolewa kwenye sufuria ya familia?

Rehema

Mzee Salum, shikamoo, na ninakushukuru sana. Bwana Idi nawe nakushukuru, hesabu yako nimeifuata hatua kwa hatua na nimeielewa.

Swali la mwisho limenishtua. Kuku huchemshwa katika sufuria moja na wetu, pamoja na kitunguu maji, vitunguu saumu viwili vitatu na chumvi kidogo. Namtolea Tausi vipande vyake kabla sijaunga, na mara nyingi nalainisha wali wake kwa supu hiyo kwa sababu anaipenda. Sikuwahi kumpa kitunguu chenyewe; nilikuwa nakichuja. Je, nimefanya kosa?

Mzee Salum

Marahaba, binti yangu. Ndiyo, na lisimamishe leo hii, ila usivunjike moyo.

Jamii yote ya vitunguu, iwe kitunguu maji, kitunguu saumu, liki au majani ya kitunguu, ina kemikali zenye salfa zinazoharibu seli nyekundu za damu ya mbwa mpaka zinapasuka. Kuchemsha hakuziondoi. Zinaingia kwenye mchuzi, kwa hiyo kuchuja vipande kunabakiza sumu ile ile ndani ya supu, na unga wa kitunguu ulio katika viungo vya supu vya pakiti ni mkali zaidi kwa kuwa umekolezwa. Kwa kitunguu maji kibichi, madhara ya kuonekana yameandikwa kuanzia gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kwa mara moja. Kwa Tausi hiyo ingekuwa gramu 180 au zaidi, kiasi ambacho sidhani kama supu yako ilikifikia. Lakini kiasi kidogo kinachorudiwa kila siku nacho huweza kumpunguzia damu polepole, na wewe umerudia kwa miezi minne.

Mfunue mdomo mchana kwenye mwanga wa kutosha uangalie ufizi. Ukiwa umepauka au una rangi ya manjano, au mkojo wake umekuwa wa kahawia au mwekundu, au anahema akiwa amelala, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Hata kama huoni lolote, omba apimwe wingi wa damu, na umweleze daktari habari ya vitunguu bila kuona haya, kwa sababu ataagiza tone la damu litazamwe kwa hadubini, na huko alama za vitunguu huonekana.

Kwa kuwa tumefika hapa, jikoni mwako zabibu mbichi na zabibu kavu zisimfikie kabisa, kwa maana huua figo na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa kila mbwa. Chokoleti pia, karanga za makadamia, na unga wa mkate uliotiwa hamira ambao haujaokwa.

Neema

Dada Rehema, pole kwa mshtuko huo. Nimekuwa nikiwapikia mbwa wangu wawili kwa mwaka wa tano sasa, kwa kipimo nilichoandikiwa na mtaalamu, na ningependa kukueleza upande wa kazi yenyewe, kwa sababu kipimo kizuri huharibikia jikoni.

Jambo la kwanza kununua ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Vikombe na vijiko havifai kwa nyama na wali, kwani kikombe cha wali uliokandamizwa kinaweza kuzidi kikombe cha wali uliochambuka kwa theluthi nzima. Hakikisha pia kwamba kipimo chako kinasema kama nyama inapimwa mbichi au imeiva, maana nyama hupoteza karibu robo ya uzito wake motoni, na ukikosea hapo hesabu yote imekwenda upande. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyokusanywa kutoka kwenye vitabu na mtandaoni. Asilimia 95 ya mapishi hayo yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima, na mengi sana yalikuwa na maelekezo yasiyoeleweka, ya kusema tu "nyama" bila kutaja ipi, au kutaja kirutubisho bila kiasi. Mengine kati ya mapishi hayo yalikuwa yameandikwa na madaktari wa mifugo. Niliposoma habari hiyo niliacha kunakili mapishi ya watu.

Mimi hupika mara moja kwa wiki. Wali nauacha uive mpaka ulainike kuliko tunavyoupenda sisi, kwani wanga ulioiva vizuri mbwa humeng'enya bila taabu. Kuku natumia mapaja yasiyo na ngozi kuliko kidari, kwa kuwa yana zinki nyingi zaidi, na hesabu ya mafuta inapunguzwa kulingana nayo. Namchemsha mpaka joto la katikati lifike nyuzi 74 za Selsiasi, kisha natoa mifupa yote kwa mkono, hata ile midogo kama sindano, kwa sababu mfupa ulioiva hupasuka vipande vyenye ncha na kuweza kutoboa utumbo. Karoti nazisaga. Zikibaki vipande, hutoka upande wa pili zikiwa vile vile zilivyoingia.

Unga wa virutubisho usiupike. Ngoja chakula kipoe kabisa ndipo uuchanganye, kwani vitamini kadhaa huharibiwa na moto, na uuchanganye kwa kweli, mpaka kusiwe na kona ya bakuli isiyo nao. Mbwa wangu mmoja alikuwa na ustadi wa kula nyama yote na kuacha unga umeganda pembeni. Nilipoanza kusaga nyama pamoja na wali hakuweza tena kuchagua. Baada ya hapo nagawa kwenye vyombo vya siku moja moja, vitatu vinakaa kwenye jokofu na vilivyobaki vinakwenda kwenye friza. Kinachotolewa kwenye friza kiyeyukie ndani ya jokofu usiku kucha, si mezani.

Kuna hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha, nami ilinipata. Katika mwaka wa pili niliacha mafuta ya samaki kwa kuwa yaliisha, nikasema nitanunua wiki ijayo. Kisha nikabadilisha nyama. Kisha nikaanza kukadiria unga kwa macho. Hakuna hata badiliko moja lililoonekana kubwa, lakini nilipomrudishia mtaalamu orodha ya ninachopika, alinionyesha kwamba chakula kile hakikuwa tena alichoniandikia. Tangu hapo karatasi ya kipimo imebandikwa kwenye mlango wa kabati, na sibadilishi kitu bila kuuliza.

Idi

Naongeza neno moja juu ya maganda ya mayai, kwa kuwa nimeulizwa kwa faragha. Yaoshwe, yachemshwe kwa dakika 10, yakaushwe mpaka yawe makavu kabisa, kisha yasagwe kwenye mashine ya kusagia kahawa mpaka unga uwe laini kama wa ngano. Vipande vinavyohisika kwenye vidole havijasagika vya kutosha na havimeng'enywi vizuri. Unga huo una kalsiamu bila fosforasi ya maana, na ndiyo faida yake kwa chakula chenye nyama. Unga wa mifupa huleta vyote viwili, kwa hiyo hesabu yake ni tofauti, na mmoja hauwezi kuchukua nafasi ya mwingine kijiko kwa kijiko. Ikiwa unga wa virutubisho ulionunua tayari una kalsiamu, usiongeze maganda juu yake.

Rehema

Nimerudi kuwapa taarifa, kwa sababu mmenisaidia na mnastahili kuijua. Tausi alipimwa. Wingi wa damu yake uko upande wa chini wa kiwango cha kawaida, na katika tone lililotazamwa kwa hadubini zilionekana seli chache zenye alama alizozisema Mzee Salum. Daktari amesema zitabadilishwa na seli mpya bila dawa, mradi vitunguu vimekoma, na tutarudia kipimo baada ya wiki nne. Figo na ini viko salama.

Kipimo cha chakula nimeandikiwa: mapaja ya kuku, wali, boga, mafuta kidogo, mafuta ya samaki na unga wa virutubisho wenye kalsiamu ndani yake, vyote kwa gramu. Hadi kipimo hicho kilipofika nilimrudishia chakula kikavu, nikakilainisha kwa maji ya moto yaliyotumika kuchemshia kuku peke yake, na kwa mshangao wangu alikikubali. Sasa ninampa robo ya chakula kipya na robo tatu ya kile cha zamani, na nitaongeza kila baada ya siku mbili au tatu hadi kibadilike chote.

Sufuria ya Tausi sasa ni ndogo, ya pekee yake, na nimeifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake ili watoto wasiichanganye na yetu.

Mzee Salum

Vema, binti yangu. Ukirudia kipimo hicho baada ya wiki nne, niandikie namba ya wingi wa damu uliyopewa mara ya kwanza na ya pili, nizilinganishe.